Kumwekea mpigaji mkondo wa redio anaposubiri kwenye simu ya intaneti

Anayesubiri kwenye laini hana anachokiona. Ana sikio tu, na sauti ikikwaruza au ikipotea, anakata simu. Ndiyo maana kila ninapofunga mfumo wa simu wa Asterisk, muziki wa kusubiri naushughulikia kwa makini kama ninavyoshughulikia namba zenyewe.

Simu ya kawaida ya intaneti inayotumia kodeki (njia ya kuifunga sauti isafiri mtandaoni) ya G.711 hubeba sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8000 kwa sekunde, mono (njia moja ya sauti). Redio ya mtandaoni kwa kawaida huja na sampuli 44100, stirio (njia mbili). Asterisk haitakubadilishia chochote hapo: inapokea data ghafi kutoka programu uliyoipa (hapa ni ffmpeg, ya kugeuza sauti) na kuicheza kwa kasi inayoitarajia yenyewe. Kwa hiyo kazi yote ni kuugeuza mkondo kabla haujaingia. Fungua /etc/asterisk/musiconhold.conf, uongeze:

[redio]
mode=custom
format=slin
application=/usr/bin/ffmpeg -nostdin -loglevel quiet -reconnect 1 -reconnect_streamed 1 -i https://anwani-ya-mkondo -af volume=0.4 -ac 1 -ar 8000 -f s16le -

Ile "-ac 1" ndiyo mono, "-ar 8000" ndiyo kasi ya sampuli, na kistari cha mwisho kinaipeleka sauti moja kwa moja kwa Asterisk. Ukisahau mono, muziki utasikika mzito na wa polepole, nusu ya mwendo wake. Ukisahau 8000, utaburuzika zaidi ya mara tano, hata wimbo wenyewe usiutambue. Dalili hizi zinafaa kukumbukwa, maana zinakuonyesha kosa liko wapi kabla hujafungua faili lolote. Simu zako zikitumia G.722, kodeki yenye sampuli 16000, weka format=slin16 na "-ar 16000"; tofauti utaisikia.

Kuna mitego miwili. Anwani za baadhi ya mikondo huishia na nukta mkato, na Asterisk huichukulia alama hiyo kuwa mwanzo wa maelezo ya pembeni, ikatupa kila kinachofuata. Itangulize kwa mkwaju wa nyuma: \; . Pili, amri hii haipitii kwenye sheli (programu inayosoma amri za Linux), hivyo alama ya | ya kuunganisha programu mbili haitafanya kazi. Ukihitaji programu mbili, ziandikie skripti moja, na uhakikishe mtumiaji anayeendesha Asterisk ana ruhusa ya kuiendesha.

Pakia upya kwa "moh reload" kwenye konsoli ya Asterisk, yaani sehemu yake ya kuandikia amri, kisha "moh show classes" ikuonyeshe kama redio imo. Tengeneza namba ya majaribio kwenye extensions.conf:

exten => 6000,1,Answer()
same => n,MusicOnHold(redio)

Ukiridhika, elekeza foleni zako huko kwa musicclass=redio kwenye queues.conf. Kwa simu zinazoungana kupitia PJSIP, sehemu ya Asterisk inayoshughulikia simu za SIP, ni moh_suggest=redio. Wanaotumia FreePBX, yaani kurasa za wavuti za kusimamia Asterisk, wasiguse faili hizi kwa mkono, kwa sababu mfumo huziandika upya. Waingie kwenye ukurasa wa Music on Hold, wachague aina ya Custom Application, waibandike amri ileile.

Sasa suala la data, ambalo watu hulipuuza. Asterisk huendelea kuuvuta mkondo usiku na mchana, hata kama hakuna anayesubiri. Mkondo wa kilobiti 128 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 1.4 kwa siku. Chagua wa 64 au chini yake. Mpigaji anapata sampuli 8000 tu, kwa hiyo ubora wa ziada unaulipia bure.

Kodeki nayo naisisitiza sana. G.729 iliundwa kwa ajili ya maneno, hubana sauti hadi kilobiti 8, na muziki ukipita humo hutoka kama unaimbwa chini ya maji. Mtoa huduma wako akiruhusu, weka G.711 mbele. Halafu zima ukandamizaji wa ukimya (kuacha kutuma sauti pasipo na anayezungumza) kwenye simu na lango, yaani kifaa kinachounganisha mfumo wako na laini za nje. Ofisi moja iliniita kwa sababu wapigaji walilalamika kwamba laini inakatika. Kumbe kila wimbo uliposhuka sauti, lango lilidhani hakuna anayezungumza na likanyamaza kabisa.

Kabla hujaiwasha rasmi, hakikisha una kibali cha kurusha muziki huo kwa wapigaji. Redio kusikika bure mtandaoni hakukupi haki hiyo.

Mwisho, piga kutoka simu ya mkononi iliyo nje ya mtandao wa ofisi, uwekwe kwenye foleni, usikilize dakika kadhaa mfululizo. Kisha katiza intaneti ya seva usikilize tena kutoka simu ya ndani. Ukimya ukidumu, andaa kundi la pili lenye mode=files na nyimbo zilizohifadhiwa kwenye seva yenyewe, uelekeze foleni huko siku mkondo unapoyumba.