Kuchora kwa mkaa kwenye mfuko wa saruji

Mkaa wa jikoni usiukimbilie. Mwingi ni mgumu, unakwaruza karatasi. Choma wako.

1. Mkaa. Tafuta vijiti vikavu, unene wa penseli, uvimenye magome. Mzabibu ni bora; ukiwa Dodoma, omba matawi msimu wa kupogoa. Mimi natumia mpera wa uani. Vibananishe kwenye kopo la bati, funika, toboa kifuniko tundu moja la msumari, bandika jikoni. Moshi utafuka tunduni. Ukikatika kabisa, epua, ziba tundu kwa udongo, na usifunue! Mara ya kwanza nilifunua kopo likiwa bado la moto. Hewa ikaingia, vijiti vikawaka, nikabaki na majivu. Subiri hadi uweze kulishika kwa mkono mtupu. Kijiti kilichoiva kikidondoka hulia kama kigae.

2. Karatasi. Chania mfuko nje, pua na mdomo umeziba kwa kitambaa. Tabaka lililogusa saruji tupa. Lililobaki lipanguse, mikunjo yake iache. Ukaki wake ni kivuli cha kati ulichopewa bure: giza utaongeza kwa mkaa, mwanga kwa chaki ya shule.

3. Mchoro. Juzi nilimchora hamali na gunia la mchele. Nilianza na gunia, si mtu: laza kijiti ubavu, paka eneo zima la uzito, kisha mwinamishe mtu chini yake. Mkono ulionishinda ni ule ulioshika pembe ya gunia. Niliuweka juu mno, nikaufuta kwa kiganja, nikaushusha, nikafuta tena. Mkono wa tatu ndio uliokaa, lakini ile miwili bado inaonekana kama ukungu, na gunia sasa linaonekana linamponyoka. Ningesafisha, ningelipoteza hilo. Mchoraji William Kentridge wa Johannesburg amelifanya kuwa mbinu kabisa: anachora, anapiga picha, anafuta kidogo, anachora tena kwenye karatasi ileile, na madoa yanaonyesha kitu kilikopita.

4. Kufuta. Finyanga kidonge cha mkate, ile nyama nyeupe ya ndani, bila siagi. Gusa na kuinua, usisugue. Makombo kung'uta yote, la sivyo sisimizi watakumalizia kazi.

5. Kukazia. Ili mkaa usifutike, dawa ya nywele ya kupuliza inatosha. Simama mbali kidogo, puliza kiasi, iache ikauke, rudia. Ukisogea karibu, matone yatachuruzika usoni mwa hamali.