Somo: Kuchagua simuleta ya ndege za rimoti

Swali linaloulizwa kila mara ni "programu ipi nzuri?" Mimi huuliza kwanza: utashika nini mkononi? Simuleta, yaani programu ya kujizoeza kurusha ndege kwenye kompyuta, kazi yake ni kuzoesha vidole. Vidole vikizoea kifaa kisicho sahihi, siku ya uwanjani vitafanya kilekile vilichozoea.

Hatua ya 1: Rimoti kabla ya programu

Tumia rimoti ileile utakayorushia ndege. Stiki ya nguvu ya injini kwenye rimoti ya ndege hubaki pale ulipoiacha, ila pedi ya michezo ya video ina springi zinazorudisha kila stiki katikati, kwa hiyo ukiachia kidole injini inarudi kwenye nusu. Tena stiki zake ni fupi, na eleroni za ndege ndogo (vibao vya mabawani vinavyoilaza kushoto au kulia) zinataka mguso wa milimita chache tu. Kibodi ndiyo usiiguse kabisa: kitufe kinajua sifuri au mia, hakijui katikati.

Rimoti zenye mfumo wa EdgeTX au OpenTX ni rahisi. Chomeka waya wa USB, chagua "Joystick", na kompyuta inaitambua bila kifaa kingine. Hakikisha waya unapitisha data, maana ule wa kuchajia tu utakusumbua mchana kutwa bila kujua tatizo liko wapi. Rimoti nyingine hupitia tundu la mwalimu na mwanafunzi (lile la kuunganisha rimoti mbili) kwa waya wa adapta. Wenye rimoti za Spektrum wana kipokezi kidogo cha USB kisicho na waya, WS2000.

Amua pia modi mapema, yaani stiki ipi inafanya kazi gani. Modi 2: nguvu na usukani (wa mkiani, wa kugeuza pua kando) mkono wa kushoto, eleveta (ya kuinua na kushusha pua) na eleroni kulia. Modi 1 huhamishia nguvu kulia na eleveta kushoto. Uliza atakayekufundisha anatumia ipi, ufuate yake, la sivyo hataweza kuipokea rimoti kukuokoa ndege ikiyumba.

Hatua ya 2: Kompyuta uliyonayo

RealFlight inataka Windows. neXt inakubali Windows, macOS na Linux, na wapenzi wa helikopta wanaipenda. PicaSim ni ya bure, anza na hiyo kabla hujatoa hela popote. Picha ikikatakata, punguza vivuli na majani. Uzuri wa nyasi haujawahi kumfundisha mtu kutua. Ukiunganisha kwenye televisheni washa hali ya michezo, kwa sababu televisheni nyingi huchelewesha picha na utajikuta unaifukuza ndege iliyokwisha kupita.

Hatua ya 3: Sawazisha stiki

Kwenye rimoti tengeneza kumbukumbu ya ndege mpya, tupu: isiwe na mchanganyo wowote (stiki moja kuendesha sehemu mbili), trimu zote, yaani marekebisho madogo ya stiki, ziwe sifuri. Kisha fungua ukurasa wa kusawazisha kwenye programu, zungusha stiki hadi kwenye pembe zote, na tazama mistari inavyocheza. Mstari usiofika mwisho, au unaotikisika ukiwa umeachia stiki, urekebishe sasa.

Hatua ya 4: Ijaribu fizikia yake

Hapa ndipo simuleta ya kweli inapoachana na mchezo. Chukua ndege ya mafunzo yenye bawa la juu, panda juu sana, zima nguvu, halafu vuta eleveta polepole. Mwendo unakwisha, stiki inakuwa haina jibu, kisha pua inaanguka au bawa moja linadondoka. Ikiendelea kuelea kama karatasi, achana na programu hiyo. Baada ya hapo weka upepo wa ubavuni na ujaribu kutua. Ndege isiposukumwa kando ya njia, upepo huo ni wa maandishi tu.

Na siku zote rusha ukiwa umesimama chini, mahali pa rubani. Kamera inayofuata ndege kwa nyuma inapendeza, lakini uwanjani hutakuwa nayo.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, sina kompyuta. Simu inatosha?*
Ukipata simuleta inayofanya kazi kwenye simu yako, si mbaya. Itumie kujua ndege inaelekea wapi. Kioo hakina stiki, kwa hiyo vidole bado havijajifunza kitu.

*Ndege ikinijia nachanganya kushoto na kulia, kila mara naiangusha.*
Hilo linatupata wote. Ikikuelekea, sukuma stiki ya eleroni upande wa bawa lililoshuka, kana kwamba unaliegemeza lisianguke. Usukani nao hugeuka, ila eleveta na nguvu hazibadiliki. Chora namba 8 mbele yako, juu kabisa, kabla ya kurudi chini.

*Mimi nataka droni za mbio, za kuvaa miwani. Hizi zinafaa?*
Tafuta za droni zenyewe: Liftoff au VelociDrone. Huko unaona kwa kamera ya droni, hivyo suala la kukuelekea halipo. Hatua ya 1 haibadiliki.

*Kwenye simuleta natua vizuri, uwanjani mikono inatetemeka. Nifanyeje?*
Nadhani una mazoea ya kubonyeza kitufe cha kuanza upya. Jiwekee sheria: ndege ikianguka, mazoezi yameisha hadi jioni. Washa upepo wenye vishindo, paa mara moja, zunguka, tua mara moja, funga programu. Utashangaa mkono utakavyoanza kutetemeka hapohapo mezani, na huko ndiko kwa kuuzoesha.