Katuni ya Ndoa kwa Kalamu na Karatasi: Kutoka Mezani hadi Stetasi

Msomaji husamehe kichwa kilichopinda na mkono wenye vidole vinne. Maneno yasiyosomeka hayasamehi, atapita tu. Kwa hiyo jasho lako limwagike kwenye maandishi na mpangilio, na sura uziache zilivyotoka.

Uwe na karatasi za A4, penseli ya HB, raba, rula ya sentimita 30, kalamu ya jeli nyeusi, maka nyeusi, gundi na simu.

Hatua ya 1: Kisa na ruhusa

Chagua jambo moja dogo: gesi imeisha chapati ya tatu ikiwa kwenye kikaango, au kila mmoja amepitia sokoni na sasa nyumbani kuna omena wa wiki nzima. Ugomvi wa jana usiuchore leo, ungali mbichi.

Mwenzako aione rasimu ya penseli kabla hujatia wino. Akikataa, imekwisha, wala usimdai sababu. Madeni na magonjwa yaache kando. Mama mkwe usimchore kabisa: huku kwetu magharibi mwa Kenya heshima ya wakwe ni nzito, na picha hufika kwenye kikundi cha ukoo kabla ya jioni.

Hatua ya 2: Visanduku vinne

Simamisha karatasi wima. Acha milimita 10 juu na kila upande, kisha chora visanduku vinne, viwili juu na viwili chini, kila kimoja upana milimita 92 na urefu 118. Kati yao acha milimita 6. Chini ya visanduku acha milimita 10 nyingine, upige mstari hafifu wa kukatia. Eneo lote sasa ni milimita 210 kwa 262, yaani uwiano wa 4 kwa 5 ambao Instagram huupokea bila kukata kingo. Kipande kinachobaki chini kitumie kujaribia kalamu.

Hatua ya 3: Maneno kwanza, kiputo baadaye

Hapa ndipo wengi huharibu. Wanachora kiputo kizuri cha mviringo cha kuwekea maneno ya mhusika, halafu wanayabana ndani hadi herufi za mwisho zinageuka mchwa. Andika maneno kwanza, ndipo uyazungushie mstari.

Herufi ziwe kubwa zote, kimo milimita 5. Kwenye simu ukurasa hupungua hadi karibu theluthi moja, kwa hiyo herufi ya milimita 3 itabaki milimita 1 tu. Kwa kimo cha milimita 5 mstari mmoja hubeba herufi kama 20, na Kiswahili kina maneno marefu: "HUKUNIKUMBUSHA" peke yake ni herufi 14. Usizidishe maneno 12 kwa kiputo. Anayesema kwanza, kiputo chake kikae juu kushoto.

Hatua ya 4: Watu

Kila mhusika mpe alama mbili zisizobadilika: mke kilemba na miwani, mume kipara na fulana ya mistari. Pua ikibadilika kila kisanduku, kilemba kitamtambulisha.

Tazama mfano huu. Kisanduku cha kwanza: wawili ndani ya neti, imechomekwa vizuri pande zote, taa inawaka. Cha pili: "MAMA AWUOR, TAA." "JANA NILIZIMA MIMI, BABA AWUOR." Cha tatu hakina neno, wote wanaitazama balbu, na mbu mmoja anasubiri nje ya neti. Cha nne ni giza tupu na jozi mbili za macho: stima imepotea. Kiputo kimoja tu: "MUNGU NI MWEMA." Hicho kisanduku cha tatu usikijaze maneno kwa kuogopa ukimya, maana bila huo ukimya giza halichekeshi.

Hatua ya 5: Wino

Chora macho na kiputo kwanza, kisha weusi upake kwa maka kuvizunguka. Tanguliza karatasi nyingine chini, maka hupenya. Wino wa jeli uache dakika tano kabla ya kupitisha raba, la sivyo utaburura weusi ukurasa mzima. Ukikosea neno, bandika kiraka cha karatasi nyeupe uandike upya. Mstari uliotetemeka uache. Ukurasa ukichorwa mara ya tatu hukauka, unapoteza uhai.

Hatua ya 6: Picha

Laza karatasi karibu na dirisha au mlango, jua lisiipige moja kwa moja. Zima mwanga wa kamera kwa sababu unang'arisha wino. Simu iwe sambamba na karatasi. Ukiinamisha, visanduku vya juu vitakuwa vyembamba. Kivuli chako kikiingia, rudi nyuma kidogo uvute picha karibu. Google Drive kwenye Android ina sehemu ya kuskani inayonyoosha kingo na kufuta ukijivu.

Hatua ya 7: Kutuma

Saini ndani ya kisanduku cha nne, maana saini ya pembezoni hukatwa. Kwenye WhatsApp chagua HD, au itume kama hati, ili herufi zisififie. Stetasi hudumu saa 24, basi nakala nzima iweke pia mahali pa kudumu. Kwa wenye simu ndogo, kata visanduku vinne uvitume kimoja kimoja kwa mpangilio.

Karatasi yenyewe andika tarehe nyuma, uiweke kwenye bahasha ya plastiki: unyevu wa msimu wa mvua huikunja, na wino wa jeli haupendi maji.