Jinsi ya kutathmini mradi wa elimu au huduma za jamii mkishirikiana na chuo kikuu

Mwongozo huu nimeuandikia watu wawili. Wa kwanza ni wewe unayeendesha mradi, uwe wa masomo ya ziada, wa malezi ya watoto wadogo au wa kusaidia familia zilizo katika hali ngumu. Wa pili ni wewe mtafiti wa chuo kikuu uliyeombwa kuupima. Nimewahi kuwa upande wa kila mmoja wenu. Nilichojifunza ni kwamba tathmini huharibika au hupona kabla dodoso la kwanza halijajazwa, kwa hiyo hatua za mwanzo nitazieleza kwa kirefu kuliko za mwisho.

Hatua ya 1: Tajeni uamuzi unaosubiri matokeo

Kabla ya kuzungumzia sampuli au bajeti, kaeni pamoja mwandike sentensi moja: matokeo yakitoka, nani ataamua nini? Huenda mfadhili ataamua kuupanua mradi, au wizara itaamua kuuingiza katika shule zake, au ninyi wenyewe mtaamua kuacha ziara za nyumbani na kubaki na vikao vya vikundi. Sentensi hiyo ikiwashinda kuiandika, msianze. Kitakachotoka ni ripoti ya kukaa kabatini, na watu mtakaowahoji watakuwa wamepoteza muda wao bure.

Uangalieni pia umri wa mradi. Mradi ambao bado unabadilisha mtaala kila mwezi haujafikia kupimwa matokeo. Huo upimwe utekelezaji kwanza: je, walimu wanafika, watoto wanahudhuria, na kinachofundishwa ndicho kilichopangwa? Nimeona miradi mizuri ikihukumiwa kwamba haifai, kumbe ilipimwa kabla haijaanza kutembea.

Hatua ya 2: Choreni mnyororo wa mabadiliko

Chukueni karatasi kubwa. Upande mmoja andikeni mnachofanya, upande wa pili badiliko mnalolitarajia, kisha jazeni katikati kila kitu ambacho lazima kitokee ili cha kwanza kizae cha mwisho. Kwa kila pete ya mnyororo jiulizeni: hapa panaweza kukatikia wapi?

Utafiti wa Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin kuhusu vitabu vya kiada katika shule za msingi za vijijini nchini Kenya unaonyesha kwa nini hatua hii ni muhimu. Kwa wastani, vitabu havikupandisha alama za mitihani. Waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Sababu moja ilikuwa lugha: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu, kwa hiyo wengi walishindwa kuvisoma. Pete iliyokatika ilikuwa ile ambayo huwa hatuiandiki kwa kudhani iko wazi, yaani kwamba mtoto akipewa kitabu atakielewa.

Mnyororo huo ndio utakaowapa viashiria, yaani mambo ya kupima. Pimeni matokeo ya mwisho pamoja na pete mbili tatu za katikati. Msipofanya hivyo, matokeo yakija mabaya hamtajua kama wazo lenyewe ndilo baya au ni utekelezaji uliolegea.

Hatua ya 3: Tafuteni jibu la swali "bila mradi ingekuwaje?"

Hapa ndipo penye moyo wa kazi, na hapa ndipo chuo kikuu kinapostahili kualikwa.

Miradi mingi hupima walengwa mwanzoni, ikawapima tena mwishoni, kisha ikatangaza tofauti hiyo kuwa ni matunda yake. Hilo halitoshi. Watoto hukua na kujifunza hata pasipo mradi. Kuna mtego mwingine unaonasa hata wataalamu. Mkichagua wanafunzi kwa sababu walipata alama za chini kabisa, wengi wao watapanda katika mtihani unaofuata hata msipowafanyia chochote, kwa kuwa baadhi yao siku ile walikuwa wagonjwa, wana njaa, au walibahatisha vibaya. Takwimu huliita jambo hili kurudi kwenye wastani. Ukipima kabla na baada tu, utaliita mafanikio.

Nao ushuhuda wa wanufaika, hata ukitoka moyoni, hauzibi pengo hilo. Mwaka 1939 huko Massachusetts, Marekani, ulianza mradi wa kuwasaidia wavulana waliohofiwa kuingia katika uhalifu, ukiwa umeasisiwa na daktari Richard Clarke Cabot. Wavulana 506 walipangwa wawili wawili waliofanana, kisha sarafu ikarushwa kuamua nani apate mshauri na nani asipate. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwafuatilia. Wengi wa waliohudumiwa walisema mradi uliwasaidia. Kumbukumbu za mahakama, za hospitali na za vifo zilisema vingine: kundi la waliohudumiwa halikuwa na nafuu, na katika baadhi ya vipimo lilikuwa na hali mbaya zaidi kuliko wenzao. Kama sarafu ile isingerushwa, tungebaki na sifa peke yake. Kila ninapoambiwa kwamba nia njema inatosha, nawakumbuka wavulana wale.

Mtapataje kundi la kulinganisha nalo? Njia zipo kadhaa, na hali yenu ndiyo itakayowachagulia.

Kama maombi yanazidi nafasi, pigeni kura ya bahati nasibu. Wafanyakazi wa huduma za jamii hupinga wakisema ni ukatili kumnyima mtu. Nawaelewa, na pingamizi hilo lisipuuzwe. Lakini nafasi zikiwa 100 na waombaji 250, watu 150 watakosa kwa vyovyote vile. Kura ya wazi ni ya haki kuliko kujuana. Isipokuwa mtu aliye hatarini: mtoto anayepigwa nyumbani haingizwi kwenye kura, anahudumiwa leo, na anawekwa nje ya utafiti.

Kama mradi utawafikia wote lakini kwa awamu, kura iamue nani atangulie. Mexico ilifanya hivyo na PROGRESA, mradi uliozipa familia maskini fedha kwa sharti la watoto kuhudhuria shule na kliniki. Kati ya vijiji 506 vilivyokuwa katika tathmini, 320 vilianza kupokea mwaka 1998, na 186 vilivyobaki vikafuata mwishoni mwa 1999.

Kama mnachuja kwa alama au kipato, walinganisheni walioingia kwa tundu la sindano na waliokosa kwa tundu la sindano. Aliyepata 49 na aliyepata 51 ni karibu mtu yule yule.

Kama hakuna kati ya hayo linalowezekana, tafuteni eneo linalofanana na lenu ambalo halina mradi, mlinganishe mwenendo wa maeneo yote mawili kwa miaka kadhaa kabla na baada. Jambo moja msilifanye kamwe: kuwalinganisha waliojitokeza wenyewe na waliokataa. Mzazi anayejitokeza kwenye kikao cha malezi tayari ni tofauti na asiyejitokeza.

Hatua ya 4: Hesabuni mahitaji ya sampuli

Kosa la kawaida katika elimu ni kuhesabu wanafunzi na kusahau shule. Wanafunzi wa shule moja hufanana, kwani wana mwalimu mmoja na mazingira mamoja. Tuseme mna wanafunzi 500 katika shule 10, yaani 50 kila shule, na kiwango cha kufanana ndani ya shule ni 0.2, katika kipimo ambacho 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa. Zidisheni 49 (50 toa 1) kwa 0.2, ongezeni 1, mtapata 10.8. Gawanyeni 500 kwa 10.8: mna taarifa sawa na za wanafunzi 46 hivi wasio na uhusiano. Wanafunzi hao hao 500 wakitoka shule 20, yaani 25 kila shule, hesabu inapanda hadi 86. Kwa hiyo fedha zikipatikana, ongezeni shule kabla ya kuongeza watoto.

Hatua ya 5: Wekeni makubaliano kwa maandishi

Mkataba useme nani anamiliki data, nani atayaona majina, na kwamba chuo kina haki ya kuchapisha matokeo hata yakiwa machungu. Mradi upewe muda wa kusoma rasimu na kusahihisha makosa ya ukweli, lakini usipewe mamlaka ya kufuta. Andikeni mapema pia kipimo kikuu na namna kitakavyochambuliwa, mkiweke mahali pa wazi. Kamati ya maadili ya chuo itataka ridhaa ya mzazi na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Mweleze kila mtu kwa lugha yake kwamba akikataa kuhojiwa hatanyimwa huduma.

Hatua ya 6: Chagueni wahoji, kisha mwende uwandani

Wahoji wasitoke ndani ya mradi. Kosa hili nililifanya miaka ya nyuma: wafanyakazi wetu ndio waliowahoji wazazi, na karibu kila mzazi alisema siku hizi hamchapi mtoto. Tuliporudi na wahoji wageni, majibu yakabadilika. Wazazi wale hawakuwa waongo. Walikuwa wanamheshimu mtu aliyewatembelea kila wiki.

Hatua ya 7: Chambueni kama mlivyopanga

Aliyepangwa kupata huduma ahesabiwe katika kundi hilo hata kama alihudhuria mara moja tu. Mkiwaondoa watoro mnabaki na wenye bidii, na bidii yao itaonekana kama kazi ya mradi. Waliohama watafuteni kwa juhudi sawa katika makundi yote mawili, na mtaje wazi wangapi hawakupatikana.

Hatua ya 8: Wapelekeeni matokeo waliohojiwa

Fanyeni hivyo kabla ya mfadhili na kabla ya jarida. Ukurasa mmoja na kikao cha saa moja vinatosha. Waulizeni wanaionaje sababu ya matokeo hayo, mwandike majibu yao, na muwaache wabishe. Katika kikao kimoja cha namna hii mama mmoja alitueleza kwa nini mahudhurio yalishuka katika mwezi wa tatu wa mradi: tulikuwa tumehamisha vikao mchana, saa ambayo wanawake wa pale huwa kazini. Hakuna safu yoyote ya data yetu iliyokuwa na jambo hilo, na ratiba ilibadilishwa wiki ile ile.