Somo: Kuweka picha kwenye andiko lako la mtandaoni

Naandika hatua hizi mahali pamoja kwa kuwa swali la picha huulizwa kila mara, na wengi wanaouliza hawajasoma majibu waliyopewa wenzao.

1. Chagua picha moja au mbili zinazoeleza jambo lenyewe.

2. Tengeneza nakala, kisha ipunguze. Picha ya pikseli (nukta ndogo za rangi zinazounda picha) 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ukiifanya 1200 kwa 900 hubaki milioni moja na kidogo, nayo husomeka vizuri kwenye simu bila kummalizia msomaji bando.

3. Ondoa taarifa za mahali. Hapa naomba utulivu. Kamera ya simu ikiruhusiwa kujua ulipo, huandika latitudo na longitudo, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani, ndani ya faili, kwa hiyo anayeuza kabati lililopigwa picha sebuleni kwake Chumbageni, Tanga, anaweza kuwa anawaonyesha watu asiowajua mlango wa nyumba yake. Kukata pembe za picha au kuziba uso hakuondoi taarifa hizo. Vilevile, kuzima ruhusa ya mahali leo hakusafishi picha za jana. Fungua maelezo ya kila picha na ulifute eneo kabla ya kuipakia.

4. Pakia faili, au bandika kiungo cha picha yenyewe.

5. Andika maelezo mafupi, tazama kwanza andiko litakavyoonekana, kisha tuma.

MASWALI

Mwanachama wa Ngamiani: Nimebandika kiungo, picha haionekani. Msaada wa haraka!

Jibu: Ndugu, hatua ya nne inasema «picha yenyewe». Kifungue kiungo chako: ukiona vitufe na maandishi pembeni, umenakili anwani ya ukurasa wenye picha, si ya picha yenyewe.

Mwanachama wa Ngamiani: Ungesema hivyo tangu mwanzo.

Jibu: Nilisema.

Mwanachama wa Pongwe: Shikamoo mwalimu. Nimepiga picha za makaburi ya nguzo, yale ya kale yenye nguzo za mawe, kule Tongoni karibu na Tanga, na ndugu yangu anataka kuzichunguza nakshi. Nikizipunguza, si zitapotea?

Jibu: Marahaba, swali zuri. Kwenye andiko weka nakala iliyopunguzwa, lakini ya asili usiiguse. Nakshi ikiwa ndogo, kata kwanza sehemu unayoitaka, ndipo upunguze, kwani ukianza kwa kupunguza huna tena cha kukuza. Ndugu yako mtumie faili kwa WhatsApp kama hati, maana ikienda kama picha ya kawaida hubanwa. Ila kumbuka kwamba hati husafiri na taarifa zake zote za mahali. Ukirudi Tongoni, piga asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, kwa kuwa mwanga wa ubavuni hutupa vivuli ndani ya michongo na mistari hujitokeza, ilhali jua la saa sita huifanya yote ionekane bapa.

Mwanachama wa Pongwe: Ahsante sana. Je, nikiweka rula kando ya nakshi ili ukubwa wake uonekane?

Jibu: Weka, na upige nyingine bila rula.