Tokyo Disneyland au DisneySea: namna ya kuchagua mkiwa na watoto

Bustani hizi mbili zimepakana ukingoni mwa Ghuba ya Tokyo, katika mji wa Urayasu, mkoa wa Chiba. Zote zinaendeshwa na Oriental Land, kampuni ya Kijapani yenye leseni ya Disney, na bei ya kuingia kwa siku fulani ni ileile popote uendapo. Tokyo Disneyland ilifunguliwa tarehe 15 Aprili 1983. DisneySea ikafuata tarehe 4 Septemba 2001. Hata kwa ukubwa hazitofautiani sana. Kwa hiyo bei, umbali na ukubwa havitakusaidia kuamua. Kinachoamua ni kimo: chukua tepu ya fundi cherehani, uwasimamishe watoto ukutani uwapime.

Utasikia watu wakisema Disneyland ni ya watoto na DisneySea ni ya wakubwa. Usemi huo ulikuwa na ukweli mwingi mpaka tarehe 6 Juni 2024, DisneySea ilipofungua eneo la Fantasy Springs lenye michezo ya hadithi za Frozen, Rapunzel na Peter Pan. Siku hizi mtoto wa miaka mitano anaweza kuililia DisneySea kama anavyoililia Disneyland. Lakini eneo moja halibadilishi bustani nzima. Familia hununua siku ya DisneySea kwa ajili ya Elsa wa Frozen, kisha mtoto anazuiwa kwenye mchezo mmoja baada ya mwingine, na mzazi anabaki kubembeleza.

Vimo vyenyewe

Wahudumu hupima mwanzoni mwa foleni na hawalegezi, hata ikibaki sentimita moja. Kubishana nao ni kupoteza muda.

Disneyland inadai kimo mahali pachache. The Happy Ride with Baymax inataka sentimita 81, Splash Mountain 90, Big Thunder Mountain na Star Tours 102. Space Mountain ya zamani ilifungwa mwishoni mwa Julai 2024 ili ijengwe upya, na mpya imepangwa kufunguliwa 2027, kwa hiyo usiiweke kwenye hesabu kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba mtoto akishafika sentimita 102, kimo hakimzuii tena humo. Aliye chini ya hapo bado ana siku nzima ya kucheza: Pooh's Hunny Hunt, Dumbo, Peter Pan's Flight, It's a Small World, pamoja na Enchanted Tale of Beauty and the Beast, iliyofunguliwa Septemba 2020 na haina masharti ya kimo ilimradi mtoto aweze kukaa wima mwenyewe.

DisneySea ni habari nyingine. Flounder's Flying Fish Coaster na Nemo & Friends SeaRider zinataka sentimita 90. Soaring, Tower of Terror na Peter Pan's Never Land Adventure zinataka 102. Halafu kuna ngazi ya tatu, ambayo Disneyland haina: Indiana Jones, Raging Spirits na Journey to the Center of the Earth, zote 117. Raging Spirits ina pia ukomo wa juu, sentimita 195, hivyo kaka mrefu wa familia naye asimame kwenye tepu. Mtoto wa sentimita 110 atacheza kila kitu Disneyland, lakini DisneySea atakosa michezo mitatu ambayo kaka zake watakuwa wanaizungumzia njia nzima ya kurudi.

Kwa wadogo kabisa, DisneySea ina Mermaid Lagoon, ambayo sehemu kubwa iko ndani ya jengo, mazulia ya kuruka ya Jasmine, jukwaa la ghorofa mbili linalozunguka lenye wanyama wa kupanda pale Arabian Coast, mashua za Sindbad na za Rapunzel, na Toy Story Mania. Safari ya Frozen nayo haina kimo, ila mtoto lazima aweze kukaa wima bila kushikwa. Ni orodha nzuri, lakini imetawanyika, na kati ya sehemu na sehemu kuna madaraja, ngazi na miinuko. Ukiwa na kigari cha mtoto utazunguka sana kutafuta njia isiyo na ngazi. Disneyland ni tambarare: kasri liko katikati, njia zinatoka hapo kuelekea pande zote, na barabara ya kuingilia, World Bazaar, imeezekwa kwa kioo.

Hukumu yangu: ikiwa mdogo wenu hajafika sentimita 102 na mna siku moja tu, nendeni Disneyland. Ikiwa wote wamepita 117, nendeni DisneySea bila kusita; mandhari ya bandari yake na mlima Prometheus unaofuka moshi hayana mfano wake Disneyland. Mkiwa mchanganyiko, tafuteni siku mbili. Siku zikikataa kuongezeka, kuna utaratibu wa Rider Switch: familia inamwarifu mhudumu mlangoni, mzazi mmoja anapanda na mwingine anabaki na mdogo, kisha wanabadilishana bila huyu wa pili kupanga foleni upya.

Tiketi na hesabu yake

Tiketi ya kawaida ya siku moja ni ya bustani moja. Usipange kula chakula cha mchana huku na cha jioni kule ukidhani tiketi ileile itakuvusha. Kwa viwango vilivyoanza Oktoba 2023, mtu mzima hulipa kati ya yeni 7,900 na 10,900 kulingana na siku, kijana wa miaka 12 hadi 17 kati ya 6,600 na 9,000, mtoto wa miaka 4 hadi 11 kati ya 4,700 na 5,600. Wa miaka 3 kushuka chini hawalipi. Wazazi wawili wenye mtoto wa miaka 9 na kijana wa 13 watalipa yeni 27,100 siku ya bei nafuu na 36,400 siku ya bei kali. Tofauti hiyo ya yeni 9,300 inatosha kununulia kitu cha maana humo ndani, basi angalia kalenda ya bei kabla ya kukata tiketi za ndege, si baada yake.

Tiketi huanza kuuzwa miezi miwili kabla, saa nane mchana kwa saa za Japani, yaani saa mbili asubuhi Afrika Mashariki. Iliyonunuliwa kwenye tovuti rasmi hairudishiwi pesa, ila unaweza kuhamisha tarehe au bustani kama nafasi ipo, ukiongeza tofauti ya bei. Kadi za benki za nje hukataliwa mara nyingi pale benki inaposhindwa kukamilisha uthibitisho wa usalama wa malipo ya mtandaoni. Iulize benki yako mapema, na uwe na kadi ya pili.

Kuna pia tiketi ya jioni ya siku za kazi, ya kuanzia saa kumi na moja, kati ya yeni 4,500 na 6,200. Hii huwafaa wenye siku moja na nusu: siku kamili Disneyland, kisha jioni moja DisneySea kwa ajili ya taa za bandarini na onyesho la majini. Usiinunue kwa matumaini ya Fantasy Springs, maana saa nne za jioni hazitoshi foleni zake.

Foleni

Saa ya kufungua inayotangazwa mara nyingi ni saa tatu asubuhi, na milango inaweza kufunguliwa mapema kidogo. Muwe langoni angalau saa moja kabla. Wageni wa hoteli nyingi za Disney huingia dakika 15 mbele ya wengine, kuanzia asubuhi inayofuata usiku wao wa kwanza. Dakika 15 zinasikika kama kitu kidogo, lakini DisneySea zinaweza kuwa tofauti ya foleni ya dakika 20 na ya saa mbili.

Pakua programu rasmi ya simu kabla ya kusafiri na ingiza tiketi za wote kwenye simu moja. Mkishapita langoni wote, na hapo ndipo watu hukwama kwa sababu baba yuko ndani na mama bado yuko nje na mtoto, programu inakuruhusu kununua Premier Access: unalipa, kwa kawaida yeni 1,500 hadi 2,500 kwa kila mtu kwa mchezo mmoja, na unapewa saa ya kufika bila foleni ndefu. Mkiwa wanne ni hadi yeni 10,000 kwa mchezo mmoja. Nunua kwa DisneySea, kwenye safari ya Frozen au Peter Pan. Hiyo moja tu inaweza kuokoa saa mbili. Disneyland, nje ya Beauty and the Beast, mara nyingi ni pesa zinazokwenda bure. Kabla ya kulipa tazama kama kuna Priority Pass, ambayo hutolewa bure kwa baadhi ya michezo. Betri ya akiba ni lazima, kwa sababu simu hiyo moja itafanya kazi ya kila mtu.

DisneySea, Fantasy Springs iko nyuma kabisa, mbali na lango kuu. Ukiingia, amua papo hapo: ama mnakwenda huko moja kwa moja, ama mnachukua Soaring na Toy Story Mania zilizo karibu na lango na kuinunulia Frozen njia ya mkato. Kujaribu yote mawili kwa miguu na watoto kunaishia kukosa yote mawili.

Mengine yanayoharibu siku

Lugha. Michezo mingi haihitaji Kijapani, lakini Jungle Cruise ya Disneyland na Turtle Talk ya DisneySea ni maneno mwanzo hadi mwisho. Ziruke kama hamkijui.

Tarehe. Epuka wiki ya sikukuu ya mwishoni mwa Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na katikati ya Agosti. Siku za kazi za Januari na Februari hupumua zaidi, ila upepo wa ghuba ni mkali na DisneySea iko wazi kwake kuliko jirani yake. Fataki hufutwa mara kwa mara kwa sababu ya upepo. Mkiwa na siku mbili, ipeni DisneySea ile yenye watu wachache, kwa kuwa foleni zake ndizo zinazouma.

Chakula cha kubeba kutoka nyumbani hakiruhusiwi ndani, isipokuwa cha watoto wachanga na wenye mahitaji maalumu. Kuna sehemu ya kulia nje ya lango.

Usafiri. Shukeni kituo cha Maihama, njia ya treni ya JR Keiyo, kama dakika 15 kutoka kituo cha Tokyo. Lakini majukwaa ya Keiyo ndani ya kituo cha Tokyo yako mbali na njia nyingine; tengeni dakika 15 za kutembea. Kutoka Maihama, Disneyland ni mwendo mfupi wa miguu. Kwa DisneySea pandeni monoreli, ambayo hulipiwa nauli yake na huzunguka upande mmoja tu: mnapita Disneyland na hoteli kwanza, na kurudi ni kituo kimoja.