Kabla ya Kupanda Mweka: Mambo ya Kuzingatia katika Kuiandaa Akili ya Mkimbiaji

Kila mwaka, mwezi wa Februari unapoelekea ukingoni na mbio za Kilimanjaro Marathon zikikaribia, barabara za Moshi hujaa wakimbiaji wa alfajiri: wanafunzi, askari, akina mama wenye biashara zao, na vijana waliotoka Arusha, Karatu na Mbulu wakitumaini kutoka kimaisha kwa miguu yao. Karibu wote huniuliza kuhusu kilomita, viatu na chakula. Wanaouliza kuhusu kichwa ni wachache mno, na hata hao huja wakiwa wamechelewa, siku mbili kabla ya mbio, wakitaka maneno ya kuwaondolea mchecheto. Maneno hayo sina. Akili ya mkimbiaji huandaliwa kama mapafu yake yanavyoandaliwa, kwa wiki nyingi na kwa kurudia rudia, na yafuatayo ndiyo ninayoyasisitiza kwa vijana ninaowafundisha na kwa walimu wenzangu wa riadha.

La kwanza linamhusu mwalimu mwenyewe, wala si mwanafunzi wake. Kuna mwaka nilisimama kwenye kona moja ya njia ya Mweka, ule mwinuko mrefu wa nusu ya pili ya mbio, nikimsubiri kijana wangu aliyekuwa akishika nafasi ya nne, na alipotokea nikamfokea kwa nguvu zangu zote: "Unalala! Mshike huyo!" Niliona mabega yake yakipanda hadi karibu na masikio, vidole vikikunjana kuwa ngumi, hatua zikifupika na kuwa nzito. Kabla hajapotea machoni pangu, wawili walikuwa wamempita. Jioni aliniambia kwamba aliposikia sauti yangu alidhani nimeshamkatia tamaa, na tangu hapo akaanza kuifikiria miguu yake hatua kwa hatua. Hilo ndilo linalovuruga, kwa kuwa mwendo ambao mwili umeshauzoea huenda vizuri unapoachwa uende, na mtu anapoanza kuusimamia kwa hofu huukwamisha. Kwa hiyo mwalimu aamue mapema, ikiwezekana mwezi mzima kabla, ni maneno gani matatu au manne atakayoyatumia njiani, ayazoeze mazoezini kwa sauti ileile, na siku ya mbio asitumie mengine.

Jambo hili limefanyiwa utafiti. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, wanasaikolojia Ronald Smith na Frank Smoll waliwafunza makocha wa besiboli ya watoto kusifu juhudi, kumtia moyo mtoto aliyekosea, na kumrekebisha bila kumdhalilisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1992 yalionyesha kwamba miongoni mwa watoto waliokuwa chini ya makocha hao, asilimia 5 tu hawakurudi msimu uliofuata, ilhali kwa makocha ambao hawakupewa mafunzo walioacha walifikia asilimia 26, na tofauti hiyo haikutokana na timu moja kushinda zaidi ya nyingine. Naitaja kwa sababu huku kwetu ukali bado unahesabiwa kuwa ndio ualimu, na vijana wengi wenye vipaji wanatuacha kimya kimya kabla ya kufika miaka kumi na minane.

La pili ni malengo, na hapa sitachukua muda mrefu. Kijana akisema anataka kuingia kumi bora, mwulize ni nini kati ya hayo kilicho mikononi mwake. Hajui nani atakuja kutoka Kenya, wala hajui jua litakuwaje. Lengo la nafasi libaki moyoni mwake, lakini katika daftari aandike kwa mkono wake yale anayoyamudu: kilomita kumi za kwanza kwa mwendo tuliopanga, maji kwenye kila meza hata kama hana kiu, na hatua fupi mlimani.

Mlima ndio wenye mambo. Mbio za kilomita 42 huanzia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, huelekea kwanza barabara ya Dar es Salaam ambako hakuna mwinuko wa kutisha, kisha katika nusu ya pili, miguu ikiwa imeshachoka, ndipo njia inapopanda Mweka, kutoka zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,100. Mwinuko wenyewe si mkali, ila ni mrefu, na wakati huo jua limeshapanda. Hapo wengi hushindwa kichwani kabla mwili haujashindwa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba, mwezi mmoja kabla, mkimbiaji aipande njia hiyo kwa miguu, taratibu, akichagua alama zake mwenyewe: mgomba uliolalia barabarani, duka lenye bati jekundu, daraja dogo, lango la kanisa. Akirudi nyumbani, kila jioni kwa dakika kumi, afumbe macho na kuipanda tena akiwa ndani ya mwili wake, asijitazame kwa nje kama anayeangalia televisheni, na asiyafute maumivu katika picha hiyo. Anayejiona akipaa bila kuchoka anajiandalia mshangao mbaya.

Pamoja na picha hiyo kuwe na maamuzi yaliyokwisha kufanywa. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ameonyesha kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio mahususi, yaani "likitokea hili, nitafanya lile", hutekelezwa kwa urahisi zaidi kuliko nia ya jumla. Vijana wangu huandika hivi: kundi likiniacha, nitahesabu pumzi ishirini kabla ya kuamua lolote, nikibanwa na kichomi, nitapunguza mwendo hadi kwenye alama inayofuata. Na ya mwisho, ambayo silegezi juu yake: nikisikia maumivu makali ya mfupa au kizunguzungu, nitasimama. Kuiandaa akili si kumfundisha mtoto kuudharau mwili wake. Tukirudi kwenye maamuzi ya mapema: Filbert Bayi, mkimbiaji wa Tanzania mzaliwa wa Karatu, aliposhinda mita 1,500 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, alikuwa na umri wa miaka 20 na aliongoza kuanzia mwanzo wa mbio. Mtu hawezi kuanza kutafakari kama aongoze au asiongoze baada ya bastola kulia.

Yapo pia maneno ambayo mtu hujisemea. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2014 uliwahusisha watu 24 waliokuwa wakiendesha baiskeli hadi kuishiwa nguvu. Waliofundishwa kwa wiki mbili kuchagua na kutumia maneno yao ya kujitia moyo waliweza kuendelea kwa muda uliozidi ule wa awali kwa asilimia 18, na wasiofundishwa hawakubadilika. Angalia kwamba maneno yalikuwa yao wenyewe. Nina binti anayetoka Mbulu ambaye nilimpa kila kaulimbiu niliyoijua na hakuna iliyomkaa. Siku moja nilimsikia mlimani akinong'ona kitu kwa Kiiraqw, tena na tena, sambamba na hatua zake. Nilipomwuliza alisema ni maneno ya bibi yake walipokuwa wakibeba kuni. Sikumtaka anitafsirie. Tangu siku hiyo huwaambia vijana wayatafute maneno yao katika lugha waliyobembelezewa, na wayatumie kwenye mazoezi magumu, kwa kuwa maneno yanayotamkwa kwa mara ya kwanza siku ya mbio hayana uzito.

Wiki ya mwisho inataka ulinzi. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu 16 walifanya kazi nzito ya kichwa kwa dakika 90 kabla ya kupanda baiskeli. Walichoka baada ya wastani wa sekunde 640, wakati siku waliyopumzisha kichwa walifika sekunde 754. Moyo na misuli yao havikuonyesha sababu ya tofauti hiyo. Ila kazi ileile waliihisi kuwa nzito zaidi. Kwa mwanafunzi mwenye mitihani, kwa kijana anayekesha na simu, na kwa yule anayepigiwa na nyumbani kila jioni kuulizwa zawadi ya mshindi ni shilingi ngapi, huo ni mzigo halisi. Mwalimu awatembelee wazazi mapema na kuzungumza nao kwa heshima: "Mama, wiki hii tumwache apumzike, ya fedha tutayaongea akirudi." Sijawahi kukataliwa. Na kama kijana amekuwa na huzuni isiyoisha, hali wala halali kwa wiki kadhaa, hilo limeshapita uwezo wa mwalimu wa riadha, apelekwe kwa daktari.

Wanaotoka Arusha wasisafiri alfajiri ya mbio. Ni kilomita 80 hivi tu, lakini basi likichelewa, hofu yake haitoki mwilini mapema. Wachukue namba zao siku moja kabla na wale chakula walichokizoea. Waambiwe pia kwamba wengi hawalali vizuri usiku huo, na kwamba usiku mmoja mbaya haumwangushi aliyelala vyema siku zilizotangulia.

Asubuhi yenyewe iwe na mpangilio uleule wa mazoezini, bila kitu kipya. Mara nyingi mtu huja nikiwa nafunga mabegi.

"Shikamoo, mwalimu. Miguu haina nguvu kabisa, na tumbo linavuruga."

"Marahaba, mwanangu. Ndivyo mwili unavyojiandaa. Toa pumzi polepole, uitoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Mara sita. Halafu nenda kapashe mwili."

Siwaambii watulie, maana anayeambiwa atulie hujiona mgonjwa. Ninachowakumbusha ni kilomita ya kwanza. Tangu mwaka 1898, Norman Triplett alipochunguza rekodi za waendesha baiskeli, imejulikana kwamba mtu akiwa na wenzake huenda kasi kuliko akiwa peke yake, na mkimbiaji mgeni katikati ya maelfu hufyatuka bila kujua. Dawa yake ni kulizoea kundi wiki kadhaa kabla, kwa kuanza mazoezi pamoja na watu wenye kasi zaidi na kuwaacha waende zao. Mita 200 za mwisho nazo zizoezwe, miguu ikiwa imechoka: mwezi Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu ya kwanza ya ubingwa wa dunia wa riadha kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani, baada ya kilomita 42.

Limebaki jambo moja la kupatana kabla ya bastola, nalo ni mahali pa kukutana baadaye. Sisi hukutana chini ya mti ulio nje ya lango la uwanja, na kila mmoja anajua tangu usiku uliopita kwamba nitakuwa pale na maji na kanga ya kujifunika, awe wa tano au wa mia tano, na kwamba swali langu la kwanza litakuwa: "Alama ipi ilikuwa ngumu kuliko zote?" Jibu huandikwa kwenye daftari siku hiyohiyo, kabla ya jioni.